Mbuzi

Kijana wa ruzuku alifika asubuhi, viatu mkononi,
maana njia ya kwetu masika ni tope tupu.
Kiti sina. Nikamkunjulia mbuzi ya kukunia nazi,
meno yake nikayageuzia ukutani.
Akaketi, magoti juu, akawasha kishikwambi.
"Bi Mize, maswali si mengi. Sema kweli tu."
Kweli, mwanangu, ndicho kitu pekee nisichokopa.

Watu wangapi wanalala na kula nyumba hii?
Mimi. Saumu. Mdogo wake Saumu, yule mwenye kikohozi.
Na Shaame, siku mbili kwangu,
siku mbili kwa mke mwenzangu, Chwale.
"Kwa hiyo yupo au hayupo?"
Nusu.
"Humu hamna nusu."
Basi muweke yupo.
Nikapata mume mzima, kwa mara ya kwanza,
ndani ya kioo.

Kipato cha mwezi?
Mwezi upi?
Ule nilioshuka bamvua zote mbili, maji yakitupwa,
nikafunga taitai mpaka vidole vikapasuka kwa chumvi?
Au ule mwani ulipopauka ukakatika
kama nywele za mgonjwa,
nikarudi na kamba tupu shingoni?
Au msimu wa karafuu, nilipochambua makonyo usiku
kwa taa ya jirani, mafuta yake, kiberiti changu?
"Toa wastani," akasema.
Neno zuri. Halipikiki.

Na deni la dukani kwa Kombo, nalo ni kipato?
Maana liliingia humu ndani, tukalila.
Akaandika, akafuta, akaandika.

Paa?
Bati. Nilijua litanisema.
Bati la marehemu kaka yangu, matundu ishirini na moja,
kila tundu na sufuria yake.

Ng'ombe?
Wamo kwenye jina la shehia.
Hapa ni Maziwang'ombe, mwanangu:
ng'ombe jina, maziwa hadithi.
"Mbuzi?"
Mmoja. Umemkalia.
Tukacheka sote, hata Saumu kule mlangoni.

Hapo, nyuma ya jiko, mbuzi akalia.
Kisha wa pili.

Walikuwa wa Biubwa. Kawaleta usiku,
kawafunga kwenye mpapai wangu, hakusema neno,
nami sikumuuliza. Ana mayatima watatu.
Kijana kanitazama, kidole kimesimama juu ya kioo.
Ningesema si wangu,
swali la pili lingekuwa: ni wa nani?
Nikautazama mlango wa Biubwa. Pazia limetulia.
Limetulia mno.

"Wangu," nikasema.
Ndiyo ile kweli niliyojisifia.

Mwezi wa tatu orodha ikabandikwa ukutani kwa sheha.
Saumu akanisomea, kidole kikishuka.
Biubwa Salim Mbarouk, yupo.
Mimi nilitafutwa mpaka chini kabisa, penye muhuri.
Wenye malalamiko wafike ndani ya siku kumi na nne.
Nifike niseme nini?
Kwamba wenzangu walidanganya kupunguza,
mimi nikadanganya kuongeza?
Nikarudi nyumbani. Maji yalikuwa yanatupwa,
na kamba hazingojei rufaa.

Usiku wa siku ya malipo Biubwa kapita mlango wa uani,
mchele kilo tano ndani ya kanga, chupa ya mafuta,
dawa ya kikohozi.
Akaweka chini, akavuta mbuzi, akaketi.
Hakuna aliyesema ahsante,
hakuna aliyesema nisamehe.
Nikachukua ungo nikaanza kupepeta,
nikamuuliza bila kuinua uso:
mchele huu, shoga, wakija tena,
niutaje kipato
au deni?