Seli ya Kumi na Saba

Bibi yangu Bogumiła alikagua vitambaa
kiwandani, Łódź, miaka ishirini na sita, zamu ya usiku.
Kitambaa kilipita mbele ya taa, naye akitazama:
uzi uliokatika, fundo, mshindio ulioruka mtande.
Akiona kasoro aliweka alama ya chaki pembeni, basi.
Kurekebisha ilikuwa kazi ya wengine.
Wafumaji hawakumpenda.

Kiwanda siku hizi ni sinema na maduka ya viatu.
Mimi nimerithi macho.

Uboho hufika asubuhi, theluji haijazolewa mlangoni:
mililita tatu, nyekundu, nzito,
zimechotwa kwenye nyonga ya mtu nisiyemjua.
Chupa ina nambari, 0417.
Najua ni mwanamke. Najua ana miaka thelathini na minne.
Mengine sina haki nayo.

Nazilaza seli zake kwenye joto la mwili
zidhani zingali nyumbani, zigawanyike;
kisha nazikamata kwa dawa, katikati ya kugawanyika,
nazivimbisha kwa maji yenye chumvi haba,
nazidondosha juu ya kioo.
Tone lina mlio. Przemek anasema halina.

Chini ya hadubini: kromosomu arobaini na sita,
zimetapakaa kama njiti za kiberiti kilichoanguka jikoni.
Nazipanga jozi kwa jozi, mstari kwa mstari,
ndefu mbele, fupi nyuma.
Aprili nilizipanga ishirini, na zote ishirini
zilikuwa zimebadilishana mikia:
ya tisa imerefuka kwa mali isiyo yake,
ya ishirini na mbili imebaki kisiki.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo umeifuma mwenyewe, mfupani, usingizini.

Sasa ni Februari. Miezi kumi ya vidonge.
Ya kwanza, safi.
Ya pili, safi. Ya tano, ya tisa.
Ya kumi na mbili imekunjamana, naiacha, natafuta nyingine.
Nimeanza kumpenda huyu mtu, jambo ambalo si la kitaalamu.

Ya kumi na saba.

Nikaondoa jicho. Nikafuta lenzi, ingawa lenzi haikuwa chafu.
Kisiki kilikuwa palepale.

Moja peke yake haitoshi kuandikia ripoti; tafuta mwenziwe.
Kwa hiyo nilitafuta kwa bidii kitu
nilichokuwa nikiomba nisikipate.
Ya kumi na nane, ya kumi na tisa, ya ishirini: safi.
Przemek akaweka chai kwenye glasi. "Bado?"
"Bado."
Akavaa koti, akazima taa za ukumbini, akaondoka.

Chumba cha giza. Rangi zimeng'ang'ania jeni:
katika seli nzima, nukta mbili nyekundu, mbili za kijani,
kila moja kwake.
Pale nyekundu na kijani zimeshikana, huwaka njano.
Nilihesabu mia mbili.
Njano tatu.
Nikahesabu upya kuanzia upande wa pili wa kioo,
kana kwamba kasoro husahau njia.
Njano tatu.

Bibi aliniambia, mara moja tu, akimenya viazi,
kwamba usiku mmoja aliona uzi umekatika
akauacha upite, kwa sababu mfumaji, Jadwiga,
alikuwa mjamzito na faini ilikuwa mshahara wa siku tatu.
Kitambaa kilirudi kutoka kwa mnunuzi,
kimechanika hapohapo, hadi pindo.
Nilimuuliza kama alijuta.
Akanipa kisu, akasema, "Menya."

Ripoti haina nafasi ya neno "pole".
Ina nafasi ya tarakimu, mabano, nukta mkato,
jina la aliyetazama.
Kesho daktari atasoma, pengine atabadilisha kidonge,
pengine kingali na wakati; hayo ni ya wafumaji.

Saa tatu na robo usiku. Halszka W., naandika.
Chaki hii hapa, bibi. Pembeni, palepale.