Jumamosi ya Majani Mekundu

Tulikuwa saba, na wa nane mgongoni, amelala.
Tulishuka njia panda ya Ipole jua likiwa bado changa,
tukaiacha lami ya Sikonge nyuma yetu
tukaingia mwituni kwa miguu.

Majira ya maua yaliyomo vitabuni huku hatuna.
Tuna haya: mvua bado, visima vimebaki tope,
ng'ombe wanalamba vumbi,
na mtundu, bila kumwuliza mtu,
unatoa majani mapya, mekundu kama ufizi wa mtoto
anayeota jino.

Nyanzala alibeba unga wa mtama kwenye kopo la maziwa.
Kapufi, fundi baiskeli, alibeba asali,
ile nyeusi ya chini ya mzinga.
Mihambo jana alikuwa msikitini, Felista kesho ana kwaya;
hawakuulizana.
Mimi nilibeba daftari.

Jirani yangu alituita wapagani, akacheka mpaka akakohoa.
Usiku akanigongea dirishani:
"Mkifika huko, mtajeni na marehemu baba."
Nililiandika jina ukurasa wa mwisho, kwa penseli.

Daftari ni la shangazi Kalunde.
Aliyaandika maneno haya mdomoni mwa bibi yake
mwaka wa njaa, kwa wino wa buluu.
Panya wamekula kona, na sala yetu ina tundu:
inakwenda vizuri hadi *tumewaletea maji meupe*,
halafu karatasi hakuna,
halafu *mlale, nasi tulime.*

Nyanzala akakoroga unga na maji kibuyuni,
akachovya vidole, akanyunyiza shina,
mashariki kwanza.
Tukataja majina. Tulianza kwa sauti za watu wanaosoma tangazo,
tukamaliza kwa sauti za watu wanaobisha hodi.
Simu ya Kapufi ikalia.
Akaizima macho yakiwa yamefumbwa.

Nikafika penye tundu.
Kila mwaka hapo tunanyamaza,
tunahesabu pumzi kumi, tunaruka.

Mwaka huu, pumzi ya sita,
tukasikia mnyororo mkavu unalia.
Mtu wa mkaa, magunia matatu,
kope zimejaa majivu ya tanuri.
Akaegemeza baiskeli kwa fimbo.
"Mbona mmeishia hapo?"

Hatukujibu.
Akavua kofia, akasema kwa Kinyamwezi cha haraka,
kama mtu anayetaja bei:

*Na ninyi tuliowasahau, kuleni kwanza.
Mlale, nasi tulime.*

Akaomba maji. Akanywa vikombe viwili, cha tatu akamwaga chini nusu.
Mihambo akamwuliza mkaa huo ni wa mti gani.
Akautazama mti wetu, kisha viatu vyake.
"Huu huu," akasema.
Akasukuma mzigo wake mchangani, hakututajia jina,
nasi, waliotoka kutaja majina asubuhi nzima,
hatukumwuliza.

Tulikula matobolwa na karanga.
Mtoto aliamka, akatumbukiza mkono kwenye asali hadi kiwiko,
akalia alipofutwa.
Mvua haikunyesha, nisiwadanganye:
wingu moja lilipita upande wa Urambo,
dogo kama kiraka cha suruali, halikugeuka.
Ila sisimizi walikwishafika shinani,
wanabeba unga, chembe kwa chembe,
wanashuka nao ardhini.

Usiku, nyumbani Cheyo, nilibandika kipande cha karatasi penye tundu
nikauandika mstari.
Wino ulikuwa mweusi; wa buluu sikupata.
Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho.
Chini ya baba wa jirani nikaacha nafasi, mistari mitano mitupu,
nikaitazama,
nikaona haitoshi,
nikageuza jalada
kuangalia kama na huko kunaandikika.