Siku Tatu za Malkia

Faranga mia mbili mlangoni, mtoto wa mgongoni bure.
Kibanda changu kina mabenchi sita, shuka moja la hospitali
na mashine ya picha niliyomuuzia mbuzi ili niipate.
Nje, mvua ya Kadutu ilipiga mabati kama mtu anayedai deni;
ndani, malkia wa Uingereza alikuwa anavishwa.

Akavishwa.
Akaendelea kuvishwa.
"Huyu atamaliza lini?" akauliza mtoto wa Nabintu,
na benchi la nyuma likacheka.
Cibalonza hakucheka. Mikono yake imechubuka kwa sabuni ya watu,
na alikuwa anahesabu: kola, sketi sita, lesi za kwenye viganja.
"Nioneshe anayefua," akasema.
"Saa nzima, sijaona hata kamba ya kuanikia.
Hii filamu ni ya uongo."

Mimi ndiye mfasiri. Kiingereza changu nilikiokota
nikiwauzia mayai askari wa kofia za bluu,
basi nakijua zaidi kwenye bei.
Waziri alitoa maneno marefu kama bomba la Regideso;
nikafungua, yakatoka matone mawili: "Anasema hapana."
Mwalimu Zihindula akanyoosha kidole, kama vile bado analipwa:
"Kasema zaidi ya hapo, masta."
"Anasema hapana kwa heshima."

Zihindula ana yake. Saa ile ya ukutani, anasema,
ilikuwa haijazaliwa. Na muziki je?
Ndugu wanachinjana kwa ajili ya kiti, chini yake inalia fidla.
"Siku wakituigiza sisi,
watatuwekea fidla,
au nzi?"
Hakuna aliyemjibu. Mvua ilipunguza kidogo, halafu ikarudi.

Mzee Mushagalusha, wa kutoka Kabare, alikuwa na neno moja tu:
"Nikiwa mtoto nilimwona mwamikazi akienda misa,
viatu mkononi. Huyu hana tope hata kwenye pindo.
Ufalme gani hauna tope?"

Kisha yule binamu akatia sahihi,
na kibanda kikagawanyika kama kanisa siku ya uchaguzi wa wazee.
Nabintu upande wa mwenye kalamu:
"Angefanyaje? Kiti kimoja hakikalishi wake wenza."
Wengine upande wa mfungwa:
"Mtoto wa shangazi yako humkati.
Unamnyima chakula tu."

Malkia akapiga magoti. Nguo nyekundu, shingo nyeupe.
Shoka likapanda.
Umeme ukaenda.

Siku tatu.
Siku tatu Kadutu nzima haikuwa na taa,
na siku tatu yule mwanamke alipiga magoti hajafa.
Watu waliulizana kwenye foleni ya maji:
"Vipi, kaisha?"
"Umeme haujarudi."
"Basi yupo."
Wakamzoea. Mtu mmoja alimwombea, nikasikia, kwa jina la filamu.

Siku ya tatu Cibalonza akaja bila kuitwa,
akalishusha shuka langu, akaliloweka, akalisugua kwa nguvu
doa la chai lililokuwa linakaa siku zote kwenye mashavu ya wapenzi.
Sikumwuliza bei.
"Hawezi kukatwa juu ya shuka chafu," akasema,
akaniangalia kwa muda mrefu kuliko bei yoyote.

Umeme ulirudi saa tisa usiku.
Nilikuwa peke yangu, kidole juu ya kitufe.
Tundu za soketi ni nne, na waya nimeziunganisha mwenyewe.
Nikachomeka simu za jirani, thelathini na moja,
mpaka mashine ya picha ikakosa pa kunywea.
Taa zao ndogo za kijani zikapanda kwenye shuka.
Shuka lilikuwa bado bichi.

Asubuhi Nabintu akagonga, kanga kichwani, hajanawa uso.
"Niambie. Kapona?"
Nikamrudishia simu yake, imejaa.
"Mia mbili," nikamwambia.