Akiba ya Mshono

Mama alinifunza: usikate kitambaa kwa uchoyo.
Bakiza vidole viwili ndani ya mshono,
mwili hauna mkataba na mtu.
Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na kiuno cha sentimita sitini na tatu.

Ninashona magauni ya harusi jijini Łódź,
jiji ambalo jina lake ni mashua
na bahari haijui hata kwa harufu.
Nyuma yangu kiwanda cha pamba, madirisha yake yamezibwa mbao.
Mbele yangu tramu namba kumi na mbili.

Majira yale ya baridi nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano.
Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeniacha.
Bibi harusi mmoja alisimama mbele yangu kujipima
nikalilia lesi yake hadi ikalowa,
naye, maskini, akadhani namfurahia.

Daktari Wrzosek akaniandikia kidonge,
cheupe, kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga.
Wiki tatu, kimya.
Wiki ya nne nikaisikia tramu.
Nawaambia: niliisikia! Chuma juu ya chuma, kona ya duka la mikate,
na nikawaza, lo, kumbe ilikuwa ikipita siku zote hizi.

Halafu ikaja njaa.
Si njaa ya tumbo, ile naijua, tulilelewa pamoja.
Hii ilikuwa na funguo zake za nyumba.
Saa saba za usiku, mkate mweusi na mafuta ya nguruwe,
keki ya plamu ya Jumapili kwisha Ijumaa,
mimi na taa ya friji, tukitazamana.

Hamsini na nane. Sitini na sita. Themanini na moja.
Ludmiła wa duka la mikate akaniinamia kwa siri:
"Una miezi mingapi?"
"Kumi na minne," nikamjibu,
maana ndiyo miezi niliyomeza vidonge.
Alihesabu kwa vidole, akanipa chenji pungufu.

Usiku nilifumua nguo zangu mwenyewe.
Vidole viwili vya mama vilitosha hadi Machi.
Baada ya hapo nikatia kipande ubavuni, rangi nyingine,
kijani juu ya bluu, na sikumficha mtu.

Kuacha dawa si kufunga bomba.
Nusu kidonge, robo, robo siku ya kupisha siku,
na umeme mdogo nyuma ya macho kila nilipogeuza shingo.
Kilo zilikuja kwa treni ya haraka.
Ziliondoka kwa miguu, zikipumzika kila kituo,
na tano hivi zimekataa kabisa kuhama.
Sizifukuzi.

Binti yangu Kalina alikuja Pasaka, akanizunguka kama duka:
"Mama! Umerudi!"
Nimerudi kutoka wapi, mwanangu?
Yule mnene ndiye aliyeamka asubuhi.
Yule mnene ndiye aliyelipa kodi ya Februari,
aliyekupigia simu akacheka mzaha wako mbovu,
aliyesimama jikoni kwenye baridi akala,
akala kama mtu aliyeamua kubaki.
Mimi mwembamba wa zamani nilikuwa nimeshalala chini,
uso ukutani. Hukumbuki?
Sikuyasema haya. Nilimpa chai.

Sasa gauni la bluu liko mezani, linanipwaya.
Nimelitia pini pande zote mbili.
Mkasi uko hapa, umenolewa juzi.
Kioo kinaniuliza swali lake la kila siku
na leo ninalo jibu nusu:
kile kipande cha kijani hakitoki.

Ninakunja kwa ndani. Ninapiga pasi. Sikati.
Kengele ya mlango inalia, ni yule bibi harusi,
wa lesi iliyolowa.
Amekuja na mtoto, na gauni lile lile,
anauliza kama linaweza kupanuliwa.