Shimo la Saba, Agosti

Saa nane mchana, Missouri. Jua limekaa kitako.
Verlon anapiga goti kwenye shimo la saba,
anachomeka kisu, anainua kipande cha udongo,
anakinusa kama mkate.
Mizizi: urefu wa ukucha.
Mwezi wa Tano ilikuwa shibiri nzima.

Anafungua mpira wa maji. Si kunywesha,
anamwambia Odalys, wiki yake ya pili kazini,
ni kupoza tu. Manyunyu,
kama unavyompangusa mgonjwa wa homa.
Ukizidisha, umezipika.

Nyasi zimeingia ukijivu.
Nyayo za asubuhi bado zimelala, hazijainuka.
Visu vya mashine wamevipandisha uzi mmoja;
mpira utatambaa, wanachama watanung'unika.
Wanung'unike.

Jana daktari mmoja aliuliza, fimbo begani:
"Kwani nyasi si nyasi tu?"
Verlon akavua kofia, akajikuna, akaivaa.

Usiku mkewe anazima feni wasikie redio:
kesho ni leo tena.
Amelala, yeye yuko barazani, miguu mitupu,
kidole amekilowesha mate, amekiinua juu gizani,
anatafuta upepo.