Msumeno wa Kuvuta

Somoe, nishushie ule wa pili hapo ukutani.
Si huo mrefu wa seremala.
Huo una heshima zake, lakini heshima za chini,
kwenye benchi, mbao imelala
na mtu kasimama kwa miguu yake miwili.
Kazi yangu mimi ni juu.
Juu, mguu mmoja unakanyaga, wa pili unabahatisha,
mkono wa kushoto umekumbatia tawi kama ndugu aliyepotea,
na mkono uliobaki ndio kiwanda kizima.

Wanasema msumeno hukata mbele na nyuma.
Waliosema hawakupanda mkorosho.
Ukisukuma ukiwa juu, unajisukuma mwenyewe.
Muulize Likanda wa Kitangari, msimu wa juzi:
bapa lilibanwa katikati ya tawi, akasukuma kwa hasira,
bapa likajikunja,
tawi likabaki,
akashuka yeye.
Kiuno chake mpaka leo kinatabiri mvua kabla ya redio.

Nataka unaokata ukivutwa tu.
Uliopinda kidogo, kama kucha ya paka,
uling'ang'anie gome wenyewe, nisiukandamize.
Na meno, ngoja nipitishe kidole gumba,
naam, haya yameegemea huku na huku,
yataacha njia, unga utatoka, bapa litapumua.
Yale mengine ni ya kukatia mkate.
Mpini, wa mti au wa plastiki, si neno,
ila uwe na kisigino mwishoni:
utomvu wa mkorosho huteleza kwanza
kisha huunguza.

"Elfu ishirini na mbili," anasema Somoe.
Namtazama. Ananitazama.
Mnada wa tatu umepita, chama cha msingi bado wanasema kesho,
na kangomba nimeapa sirudii, hata njaa ipige hodi na ndugu zake.
"Huu wa seremala elfu tisa,"
anasema taratibu, bila dharau,
na hilo ndilo linalouma.

Nahesabu: Bi Asumini ana mikorosho arobaini na miwili,
matawi yamefumana, jua linaomba njia.
Mti mmoja elfu moja na mia tano.
Miti kumi na mitano ya kwanza nitamfanyia kazi msumeno,
chenji mia tano, ya chumvi.
Wa kumi na sita, ndipo naanza kula.

"Kaujaribu kwanza," anasema.
"Nyuma ya duka kuna mwarobaini,
tawi lake linagonga bati usiku kucha, mama halali."

Nikapanda na viatu vya duka la mtumba.
Nikaanza chini ya tawi, theluthi tu,
lisije likashuka na ngozi ya mti mzima.
Kisha juu, mbele kidogo.
Kisha kile kigutu, nikakifuata mpaka kwenye shingo,
shingo yenyewe nikaiacha, mti ujifunge kidonda chake.
Nilivuta. Sikusukuma hata mara moja.
Unga ulishuka mpaka kooni, mchungu,
nikaumeza kwa furaha.

Somoe yuko chini, unga umemwagikia ushungi,
hajaupangusa.
"Nusu leo," anasema, "nusu mti wa nane."

Nimekubali.
Sikumwambia kwamba wa nane
ndio ule wenye nyigu.