Namba Isiyojua Jina Lake

Barua ya kwanza ilirudi Jumapili, saa mbili na robo,
Sudhakaran hajamaliza hata nusu ya chai.
Ankara ya pampu sita kwa mteja wa Tanga.
Ikarudi ya pili. Ya tatu.
Kufikia adhuhuri kikasha kimejaa barua zetu wenyewe,
kila moja imebandikwa kijikaratasi:
mia tano na hamsini, imekataliwa.

Bwana Muhenna akasimama mlangoni, kofia mkononi.
"Kwani tuna deni na mtu?"
Nikamwambia hapana, si deni.
"Basi hasidi huyo," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nikaanzia wanapoanzia mafundi wote,
kulaumu kilicho karibu.
Nikazima rauta, nikahesabu thelathini, nikawasha.
Nikabadilisha nywila.
Nikamtuhumu Sudhakaran, Mungu anisamehe,
kwamba kafungua kiambatisho asichokijua.
Hakujibu. Alifuta meza yake, ambayo ilikuwa safi.
Nje, Sohar nyuzi arobaini na sita,
na malori ya bandarini yakitikisa kioo.

Saa kumi ndipo nikasoma kijikaratasi mpaka chini,
kwenye herufi ndogo zisizosomwa na mtu.
Hakikusema barua ni mbaya. Kilisema:
tumeiuliza namba yenu jina lake,
nayo imenyamaza.

Laini mpya!
Alhamisi walikuja vijana wawili,
wakavuta waya mweupe, wakatuachia namba,
wakaondoka bila kunywa maji.
Nami nikaandika kwenye daftari la majina:
jina letu sasa linakaa hapa.
Nikajiona nimemaliza.
Kumbe ukiliuliza jina, linakuonyesha namba mara moja;
ukiiuliza namba, inakukodolea macho.
Na orodha ya wenye ruhusa ya kutuma kwa jina letu
bado inaitaja namba ya zamani,
mpangaji aliyehama na funguo.

Bibi yangu alifika kutoka Wete mwaka wa sabini na nne
na sanduku la bati na jina lake kamili,
mababu saba, anayataja kwa pumzi moja.
Karani alimsikiliza mpaka wa saba.
Kisha akauliza: haya, na huko Ibra,
nani akiuona uso huu atalitaja jina hilo?
Jina alikuwa nalo. Uso haukuwa na wa kuusemea.
Miezi minne akalala chumbani kwa shangazi wa mbali, Matrah,
akifua nguo za watu wasiomjua,
mpaka akapatikana muuza samli mmoja, Raya binti Nasor,
akamgeuza kichwa kama anayechagua tikiti,
akasema: masikio haya ni ya watu wa falaji ya juu.
Karani akachovya kalamu.

Nikapiga simu kwa wenye laini.
Dakika arobaini za kinanda, kisha Shinuna, kitengo cha namba:
"Jina ni lenu, dada. Namba ni yetu.
Ni sisi tu tunaoweza kuisemea."
Sikubisha. Nikamtajia jina herufi kwa herufi,
akalirudia, akakosea moja, nikamsahihisha.
Orodha ya ruhusa nikairekebisha mwenyewe.

"Mpaka kesho," nikamwambia Bwana Muhenna,
"madaftari ya dunia hayasahau upesi."
"Siku nzima?"
"Wengine walingoja miezi minne."
Akanitazama kama nimepigwa na jua.

Jumatatu Sudhakaran akatuma ankara ile ile.
Tukakaa wote watatu tukitazama kikasha,
tukiomba kisije kitu.
Hakikuja.
Saa nne na dakika kumi Tanga wakajibu:
pampu ni nne, si sita.

Nikamnunulia Sudhakaran chai ya karaki, vikombe viwili.
Akauliza cha pili ni cha nini.
Nikamwambia kunywa tu.